Maranda makavu na wavu unaoanzia ardhini: banda la kuku 20 nyumbani

Ukitaka kujua banda la mtu likoje we nenda alfajiri kabla hajafungua mlango, afu likishafunguliwa usisimame, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kichwa cha kuku, kaa hapo dakika moja hivi ukivuta pumzi kawaida. Wengi wetu tunaingia tumesimama, tunamwaga chakula, tunatoka, tunasema banda halinuki. Sawa, kwa kimo chako halinuki, ila kuku anaishi sentimita 20 au 30 toka chini na usiku mzima amelala humo mlango umefungwa, kwahiyo kama macho yanakuwasha ukiwa umechuchumaa ujue wenzako wamekaa kwenye hiyo hali tangu magharibi.

Hiyo harufu kali ni amonia, inatoka kwenye kinyesi pale kinapokutana na unyevu na bakteria wakaanza kazi yao. Kinyesi kikikauka haraka amonia inakuwa kidogo sana, kikibaki kibichi inapanda, inaunguza macho ya kuku na zile nywele ndogo ndogo za kwenye koo zinazosafisha vumbi na vijidudu, hapo sasa mafua yanapata njia. Mi huwa inaniuma kuona mfugaji ananunua dawa ya mafua kila mwezi, kuku wanapata nafuu wiki moja wanarudi kule kule, kumbe ugonjwa uko sakafuni na hakuna dawa ya kwenye maji inayokausha sakafu.

Chukua kuku 20 wakubwa, ndo wengi tunaofuga hapa Kihonda, Morogoro, nyuma ya nyumba. Kuku mmoja mkubwa anatoa kinyesi kama gramu 100 na kidogo kwa siku, kwahiyo 20 ni kilo 2 na ushee, na karibu robo tatu ya hicho kinyesi ni maji. Yaani kila siku ya Mungu ni kama unamwaga lita moja na nusu ya maji kwenye sakafu ya banda lako, hapo sijahesabu yanayomwagika kwenye vyombo wala mvua inayopigwa na upepo kupitia dirishani. Kazi ya maranda unayotandika sakafuni ni kuyanywa hayo maji afu kuyaachia hewani taratibu, kwahiyo vitu viwili lazima viwepo, maranda ya kutosha na hewa inayopita. Ukiweka maranda mazuri kwenye banda lililozibwa kila upande kwa mabati umefanya nusu ya kazi.

Maranda yenyewe nayo yana maneno. Yanayofaa ni yale yanayojikunja, yanayotoka kwenye randa ya seremala, sio lile vumbi laini la msumeno. Vumbi la msumeno linashikana likilowa, likikauka linapeperuka linaingia kwenye mapafu, na vifaranga wanalila wanajaza tumbo. Ukienda kwa seremala usione aibu kuuliza mbao anazoranda ni zipi, kama ni mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye ukijani, achana nayo hata akikupa bure, ile dawa ni sumu na kuku kazi yake ni kudonoa siku nzima. Kingine, ingiza mkono mpaka katikati ya kiroba. Ukikuta joto, au harufu ya uvundo, au ukungu mweupe, usichukue, ukungu ule ukivutwa unaota ndani ya mapafu ya kifaranga na hapo hakuna tiba ya maana, utawaona wanahema midomo wazi wanaondoka mmoja mmoja.

Kwa walio karibu na mashine za mpunga, mfano Dakawa au Ifakara, zile pumba ngumu za mpunga wanazochomea matofali ni mbadala mzuri na bei yake ni usafiri tu. Hazinywi maji vizuri kama maranda ya mbao ila hazigandi haraka na zinapitisha hewa. Mi huwa nachanganya, nusu kwa nusu. Nyasi kavu zinafaa kama utazikatakata, ndefu zinasukana zinakuwa mkeka unaofunika unyevu chini yake.

Anza na unene wa sentimita 8 mpaka 10, pima na rula sio kwa macho, maana watu wengi wanatandaza kama wananyunyiza chumvi afu wanalalamika wiki ya pili banda limeoza. Kila baada ya siku mbili tatu geuza kwa reki, msimu wa masika geuza kila siku, na njia rahisi kuliko zote ni kurushia mtama au mahindi yaliyopasuliwa kiganja kimoja kila jioni kwenye sehemu iliyoanza kushikana, kuku wenyewe watakuchimbulia. Palipoganda ondoa lile bonge lote uweke maranda mapya. Ukifanya hivyo na kuongeza kidogo kidogo, matandiko yanaweza kukaa miezi kadhaa bila kutolewa yote.

Sasa kipimo chenyewe ni mkono wako. Chota maranda kutoka katikati ya banda, sio pembeni, yabane kwenye kiganja kama unavyobana tonge la ugali, afu fungua vidole. Yakisambaa yote bila kushikana kabisa na vumbi likabaki kiganjani yamekauka mno, nyunyizia maji kidogo tu kwa mkono. Yakishikana kidogo afu yakavunjika ukiyagusa, hapo ndo penyewe. Yakibaki bonge lenye alama za vidole vyako, mfugaji mwenzangu hiyo ni hatari, toa leo usisubiri jumamosi. Nasema hivyo kwa sababu ya kuhara damu, vile vimelea vinatoka na kinyesi vikiwa bado havina nguvu ya kuambukiza, vinahitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja au mbili hivi ndo vinakomaa. Kwenye maranda makavu vingi havifiki huko, kwenye maranda mabichi umevitengenezea kitanda, na vifaranga wa wiki 3 mpaka 6 ndo wanaolipa.

Chanzo kikubwa cha unyevu ni chombo cha maji, nenda kaangalie sasa hivi utaona duara jeusi limekizunguka. Kinyanyue mpaka mdomo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku, weka matofali, na chini yake tengeneza fremu ndogo ya mbao yenye wavu juu na kokoto ndani ili yanayomwagika yasifike kwenye maranda. Sehemu ya pili ni chini ya fito wanazolalia, kwa sababu kinyesi kingi kinadondoka usiku. Weka ubao au kiroba chini ya fito, asubuhi unakung'uta nje, dakika mbili tu.

Halafu chokaa. Najua tumefundishana kwamba banda likinuka mwaga chokaa, na majivu, lakini ukimwaga chokaa juu ya maranda mabichi kuku wakiwa ndani unaifanya amonia itoke kwa wingi zaidi, sio pungufu, na chokaa ya kupakia ukuta ikikutana na unyevu inaunguza nyayo na macho. Chokaa ina wakati wake, ni pale umetoa matandiko yote, umefagia, umeosha, sakafu imekauka, ndo unapaka sakafuni na ukutani, unaacha wiki mbili banda liko tupu afu unatandika upya. Majivu nayo yaweke kwenye beseni au kreti pembeni yakiwa yamechanganywa na mchanga mkavu, kuku wataoga wenyewe na utitiri utapungua.

Maranda ya zamani usiyapeleke mabichi kwenye mchicha, yanaunguza. Rundika, funika na turubai, geuza kila baada ya wiki mbili, kwa miezi miwili mitatu utapata mbolea nyeusi isiyonuka, na wenye bustani watakuja wenyewe kuiulizia.

Tuje kwenye uzio, na hapa naongea nikiwa na kidonda. Nilikuwa na vifaranga 14 wa wiki tano, chotara, wazuri kweli, nikamwita fundi akanijengea kiwanja nyuma ya banda kwa ule wavu wa kuku mwembamba wenye matundu ya pembe sita, akaupigilia vizuri kwenye mirunda, juu umekaza kama ngoma. Chini akaumalizia pale pale kwenye udongo. Usiku wa tatu nikaacha mlango mdogo wa banda wazi kwa sababu ya joto, nikijua uzio upo. Asubuhi nakuta kimya, kimya ambacho mfugaji yeyote anakijua, na kwenye kona kuna shimo la ukubwa wa ngumi chini ya wavu na manyoya matatu yamenasa kwenye waya. Kicheche. Hakuacha hata mmoja, na wengi wala hakuwala, aliwang'ata shingo akawaacha pale pale. Binti yangu ndo alikuwa anawalisha kila siku kabla ya shule, na kumweleza ilikuwa kazi ngumu.

Toka siku hiyo naambia kila mtu kwamba wavu mwembamba wa kuku unamzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama asiingie. Mbwa anauchana, kicheche na nguchiro wanachimba chini yake, nyoka na panya wanapita kwenye matundu. Kinachozuia ni wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi uliopigwa zinki, na muhimu zaidi ni unavyoanzia ardhini. Kama una nguvu ya kuchimba, uzike sentimita 30. Kama udongo ni mgumu au una mawe, usichimbe, ulaze juu ya ardhi kuelekea nje, sentimita 30 mpaka 60, ubane kwa vigingi na mawe afu acha nyasi ziote juu yake. Mnyama anakuja mpaka kwenye ukuta wa wavu, anaanza kuchimba pale pale miguuni pake, anakutana na waya, kurudi nyuma hatua mbili na kuanzia mbali hilo kwa kawaida halimjii.

Tufanye hesabu ya kiwanja cha mita 6 kwa 4, kinatosha hao kuku 20, na banda lao la kulala liwe kama mita 2 kwa 2 na nusu, yaani kuku wanne kwa kila mita moja ya mraba. Mzunguko wa kiwanja ni mita 20. Nunua wavu wa nusu inchi wenye upana wa sentimita 90, ukunje kama herufi L, 60 zisimame na 30 zilale chini kuelekea nje. Rola la mita 30 likimaliza mzunguko linakuachia mita 10, hizo ni za madirisha ya banda na mlango. Kutoka hapo kwenda juu mpaka futi 6 endelea na ule wavu mwembamba wa bei nafuu, huko juu kazi yake ni kuwazuia kuku wasiruke. Kama kuna anayeruka bado, kata manyoya marefu ya bawa moja tu, yaliyokwisha komaa, hayana damu, yataota tena akinyonyoka.

Juu pia usipasahau kama una vifaranga. Mwewe hapigi hodi. Neti ya kivuli au hata kamba zilizopitishwa kila nusu mita kutoka mrunda hadi mrunda zinamtatiza kushuka. Na kenge anafuata mayai, kwahiyo pengo la chini ya mlango lisizidi unene wa kidole, na komeo liwe la kuzungusha au lenye kufuli, sio msumari uliopindwa.

Kuna wanaopanda minyaa au michongoma kama uzio, inapendeza na ni rahisi, ila peke yake haimzuii nguchiro hata dakika moja, na utomvu wa minyaa ukimwingia mtu au kuku machoni ni balaa, pogoa ukiwa umevaa miwani.

Uzio una faida nyingine ambayo haionekani, unatenganisha kuku wako na wa jirani. Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, kinatembea na kuku wanaozurura, na miguu ya watu pia, kwahiyo chanja kila miezi mitatu, tone moja jichoni kwa ile chanjo ya kideri inayoitwa I-2, na uwe na kandambili za bandani ambazo hazitoki nje ya uzio.

Tatizo la kiwanja kilichozungushiwa ni kwamba baada ya miezi miwili nyasi zimekwisha na masika yanageuza kila kitu tope, na tope hilo linaingia bandani kwa miguu 40. Kigawe katikati kwa wavu, upande mmoja unapumzika wiki kadhaa wakati mwingine unatumika. Pale mlangoni, mita moja na nusu ya kwanza, mwaga kokoto afu juu yake majani makavu ya mwembe au maranda mapya, ili kuku akanyage pakavu kabla ya kuingia. Kama bajeti haitoshi kufanya yote mwezi huu, anza na huo wavu wa chini pamoja na matofali ya chombo cha maji, hivyo vingine vifuate mwezi ujao.