Unataka kuhama kutoka Mini 2 kwenda droni kali zaidi? Soma hii kabla hujatoa hela

Wakuu, ukisharusha Mini 2, ile droni ndogo ya DJI, mwaka mzima unaanza kuwashwa, kila video ya mwenzio unaiona kali kuliko yako na unahisi tatizo ni droni. Inawezekana, ila kwanza fungua memori kadi, angalia klipu zako ishirini za mwisho, kila moja jiulize imeharibika kwa nini. Mimi nilipofanya hivyo nikakuta zaidi ya nusu zimeharibiwa na mkono wangu, nageuza droni kama nafukuza nzi, na hapo hata ukinunua ya bei gani utapata utumbo uleule. Zilizobaki zilikuwa na mambo mawili tu, chenga (vile vidoti vya mwanga mdogo) kwenye vivuli jua likizama, na upepo.

Kama shida yako ni chenga, Mini 4 Pro inatosha. Sensa ya kamera ni inchi 1/1.3 wakati Mini 2 ni 1/2.3, yaani eneo la kupokea mwanga ni zaidi ya mara mbili, halafu lenzi ni f/1.7 badala ya f/2.8, namba ikiwa ndogo tundu linaingiza mwanga zaidi. Na uzito bado ni gramu 249, inakaa kwenye mkoba.

Shida ikiwa ni upepo hapo ndo unaanza kuangalia Air 3 au Air 3S, zenyewe zina gramu 720 na kitu. Hili nililijua Bagamoyo kipindi cha kusi, nimeipeleka Mini 2 juu ya majahazi, upepo unaisukuma mwenyewe naona raha, kuirudisha sasa, spidi kwenye skrini inasoma mita 2 kwa sekunde na betri inashuka huku naangalia. Kilichoniokoa ni kuishusha karibu na maji maana chini upepo unapungua, nikaweka Sport, ile hali ya mwendo kasi, ikafika na asilimia 9. Tangu siku hiyo naanza kwenda kinyume na upepo, nikirudi unanisindikiza. Air 3 watengenezaji wanasema inahimili mita 12 kwa sekunde, Mini 4 Pro 10.7, tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi ila ukiwa baharini utaielewa. Tena Air 3 ina kamera ya pili ya milimita 70 ya kuvuta vitu vya mbali, unampiga picha mvuvi ukiwa mbali bila kumpigia kelele kichwani, mimi kwa hiyo lenzi tu ningelipa.

Ukichukua ya mkononi kwa mtu, mwambie aitoe kwenye akaunti yake mbele yako, uiunganishe na yako palepale. Asipofanya hivyo umenunua pambo la sebuleni. Betri angalia kwenye app zimechajiwa mara ngapi, na ziguse, iliyovimba hata ya bure usichukue. Betri na rimoti zako za Mini 2 hazifanyi kazi kwenye hizi, kwahiyo bajeti ihesabu betri tatu toka mwanzo.

Vibali sasa. Hii ya "chini ya gramu 250 huhitaji kusajili" ni sheria ya Marekani kwa wanaorusha kujifurahisha, watu wanaisikia YouTube wanaileta huku. Bongo unapita TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kuna kibali cha Wizara ya Ulinzi, na ukiagiza nje anza na vibali kabla mzigo haujafika. Kenya mamlaka hiyo ni KCAA, na mbugani usirushe hivihivi.

Ikishafika usikimbilie baharini, nenda uwanja wa mpira asubuhi. Weka kimo cha kurudi nyumbani, yaani urefu ambao droni inapanda ikijirudisha yenyewe, kizidi minazi na minara ya hapo, mimi naanza na mita 60. Sensa za kukwepa vitu zisikupe kiburi, waya wa umeme mwembamba hazioni, na ukiweka Sport zinazimika kabisa, wengi wanagundua hilo wakiwa wanaokota vipande.

Jua la pwani ni kali, kamera inaweza kutaka shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/1600 huko na mwendo utaonekana unakatakata. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde unataka 1/50, kutoka 1/1600 hadi hapo ni stopu tano, yaani mwanga unapunguzwa nusu mara tano, kwahiyo ND32, filta nyeusi ya kupunguza mwanga. Filta ivishe kabla hujawasha droni, ukiiweka gimbali (mkono unaotuliza kamera) ikiwa inahangaika unaichosha. D-Log M, ile rekodi ya rangi zilizopauka za kwenda kurekebisha baadaye, iache kama hupendi kukaa na rangi kwenye kompyuta, utapata picha imepauka na utailaumu droni bure.

Na mchanga. Hewa ya propela inaurusha moja kwa moja kwenye mota na gimbali, na hizi kubwa zinapuliza zaidi. Mimi natembea na kipande cha mkeka wa plastiki na mawe manne ya kukandamiza pembe, maana bila mawe siku ya kwanza mkeka wenyewe ulinyanyuka ukataka kupaa na droni.