Kitalu nyumba: piga hesabu kabla ya kupiga misumari

Simu ninazopigiwa kuhusu vitalu nyumba, yale mabanda ya nailoni au neti ya kulimia mboga, ni za aina mbili. Ya kwanza: "Bwana shamba, banda la mita 8 kwa 15 ni shilingi ngapi siku hizi?" Ya pili huja miezi mitano baadaye: "Bwana shamba, nyanya zangu zinanyauka zikiwa bado kijani, nipulizie nini?" Mara nyingi anayepiga ni yule yule.

Kwa hiyo siku hizi anayeniuliza bei ya banda, namuuliza kwanza hapo anapotaka kulisimamisha palilimwa nini. Kama palikuwa na viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu, pilipili au tumbaku, namwambia asubiri. Mazao hayo yote ni ukoo mmoja na nyanya, na vijidudu vya mnyauko bakteria huishi udongoni muda mrefu vikingoja ndugu mwingine apandwe. Shamba la wazi unaweza kulihamisha. Banda ukishalichimbia nguzo limekaa hapo hapo, na wengi hupanda nyanya juu ya nyanya kila msimu, kwenye joto na unyevu ambao bakteria wanaupenda kuliko sisi.

Mnyauko huu una dalili zake. Mche unalegea mchana, jioni unajiinua kidogo, baada ya siku mbili tatu hauinuki tena, na majani hayajageuka njano. Ukishuku, kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, kisha kishikilie ncha ya chini iguse maji safi ndani ya glasi. Usitikise. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye mkato, jibu umepata. Hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya. Ng'oa mche na udongo unaoshikana na mizizi, peleka mbali ukauchome, na kisu ulichokatia kisiguse mche mwingine kabla hujakiosha kwa dawa.

Kuna kipimo rahisi kabla hujatoa hela: panda miche 30 ya nyanya mahali hapo hapo, msimu mmoja, bila banda. Ukivuna, ng'oa yote na utazame mizizi. Yenye vinundu kama shanga ina minyoo fundo. Minyoo unaweza kuipunguza kwa jua: lowesha udongo, funika kwa nailoni angavu inayobana ardhi, acha wiki 6 za kiangazi. Kwa mnyauko, njia ninayoiamini ni kuukimbia udongo wenyewe. Panda kwenye mifuko yenye makumbi ya nazi yaliyosagwa au makapi ya mpunga yaliyochomwa nusu. Makumbi yaoshe mara kadhaa, yana chumvi. Na ujue kwamba humo hakuna rutuba ya asili, mbolea yote utaileta wewe kupitia maji. Anayekuambia mifuko ni kazi nyepesi hajawahi kuifanya.

Udongo ukipita, njoo kwenye joto. Mama mmoja wa ukanda wa Pwani aliuziwa banda la nailoni pande zote, la mtindo unaofaa nyanda za juu. Nilipofika saa saba mchana na kumwamkia, aliitikia marahaba halafu akanifungulia mlango: "Mwanangu, humu hata kuku hakai." Maua yalikuwa yamedondoka chini kama pumba. Joto likipita nyuzi 32 hivi chavua ya nyanya huanza kuharibika, na likizidi 35 usitegemee matunda. Kwa Lushoto, Njombe au Mbeya, nailoni ina maana, kwa sababu usiku ni baridi na mvua ndiyo inayoleta bakajani, ugonjwa unaokausha majani ya nyanya. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Morogoro mjini, jenga banda la neti ubavuni, nailoni juu tu, paa liwe refu na liwe na mwanya wa kutolea hewa ya moto. Nailoni iwe ile iliyotiwa kinga ya jua, maikroni 200, maana ile ya kufungia mizigo hupasuka mapema.

Neti iwe ya matundu madogo ya kuzuia nzi weupe. Kantangaze, yule nondo aliyeingia kwetu mwaka 2014 na kumaliza mashamba ya nyanya, hahitaji mlango mkubwa: tundu moja la msumari linamtosha. Weka milango miwili yenye nafasi katikati, ufunge mmoja kabla ya kufungua mwingine. Wageni wa kuja kushangaa banda washangae wakiwa nje. Mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika mche, kwani tumbaku inaweza kubeba virusi vya nyanya.

Sasa hesabu. Banda la mita 8 kwa 15 linachukua miche 250 hivi ya nyanya ndefu zinazopanda kamba, kama Anna F1. Muuzaji atakutajia kilo 10 na kuendelea kwa mche. Wewe unayeanza, piga hesabu kwa kilo 5, yaani kilo 1,250 kwa msimu. Tuseme banda lako la miti limekugharimu shilingi 3,000,000, nailoni itadumu miaka 3, na unalima misimu 2 kwa mwaka: kila msimu unabeba 500,000. Ongeza mbegu, mbolea, dawa, maji na vibarua, tuseme 700,000. Jumla ni 1,200,000, na ukigawa kwa kilo 1,250, kila kilo imekugharimu shilingi 960. Ukiuza shambani kwa 600 umemlisha mchuuzi kwa hela yako. Ukiuza kwa 1,500 umepata 675,000. Bei hizi ni za mfano, weka za kwako, lakini hesabu iwe hiyo.

Bei ya 1,500 inaletwa na kalenda. Nyanya za shamba la wazi zinapojaa sokoni, huwezi kushindana nazo, mwenzako hana nailoni ya kulipia. Faida yako ni pale mvua inapowaua wenzako kwa bakajani. Kwa mikoa ya masika, sia mbegu katikati ya Desemba, hamisha miche katikati ya Januari, utaanza kuchuma mapema Aprili na kuendelea hadi Juni. Nyanda za juu kusini, ambako mvua ni moja kuanzia Novemba, sia Septemba.

Maji: mche mkubwa hunywa lita 1 hadi 2 kwa siku, hivyo miche 250 ihesabie lita 400 na ziada. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 20 linakupa karibu lita 2,000, ukiliwekea mfereji na tenki. Watu wananunua maji ya boza huku maji ya paa yanachimba mfereji nyuma ya banda, jambo ambalo hadi leo sijaelewa. Mwagilia kidogo kidogo kila siku. Ukiacha udongo ukauke kisha uuzamishe, matunda yataoza kitako.

Ndani ya neti hakuna upepo wala nyuki wa kuchavusha maua. Kila siku kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi, pita na kijiti ukigonga kamba zinazoshikilia miche, mara mbili tatu kila kamba. Utaona vumbi la njano dhidi ya mwanga. Vichipukizi vya kwapani vitoe kila wiki kwa mkono vikiwa vidogo.

Na ukiuza, nunua mzani. Mchuuzi akija na tenga lake lililofumwa kubwa kwa makusudi na kufungwa lumbesa, yaani kujazwa kupita kipimo, unauza kilo ambazo hazikulipiwa. Panga na mama lishe, hoteli au mwenye duka la mboga kabla hujachuma, uza kwa kilo, na chuma nyanya zikianza kubadilika rangi ili zifike mjini zikiwa ngumu.