Ukinunua Land Rover 109 ya zamani, anza na chasisi

Wengi wakipata pikapu ya Land Rover 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya toleo la Series III, ile iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, hela ya kwanza inaenda kwenye rangi. Naomba sana, usianze huko. Bodi yake ni ya aluminiamu, inaweza kung'aa huku chasisi ya chuma, yaani fremu inayobeba gari, imeliwa na kutu kutokea ndani.

Ingia chini na nyundo ndogo, gonga taratibu kotekote, hasa boriti ya nyuma na pale springi zinaposhikia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa mlio butu, na bisibisi inazama. Gari la Tanga au Mombasa ligonge mara mbili, chumvi haina huruma.

Fundi asibandike kiraka juu ya kutu. Akate mpaka afike chuma safi ndipo achomelee. Kabla ya hapo toa tangi la mafuta, maana kwenye pikapu hizi liko chini ya kiti, na uchomoe waya za betri. Mkirudisha bodi, wekeni raba au rangi nzito kila aluminiamu inapokutana na chuma; zikigusana penye unyevu, aluminiamu inalika.

Unataka kuweka injini kubwa zaidi? Imarisha breki kwanza.