Somo: Kumwandaa kijana wa kijijini kwa kazi iliyopo kijijini

Somo hili ni la vikundi vya watu waliotoka kijiji kimoja wanaoishi hapa Nairobi, vinavyochangia vijana wa kwao karo. Wengi huchagua kozi kwanza, kazi itafutwe baadaye. Anzeni na kazi.

Hatua ya 1: Hesabuni kazi. Siku mbili za soko, mtu akae na daftari: pikipiki ngapi zimetengenezwa, nyumba ngapi zinajengwa, pampu ngapi zimekwama, na fundi aliitwa kutoka wapi. Fundi akitoka mbali, nafasi ipo. Mkifundisha washonaji 15 kwa soko la wanne, cherehani zitauzwa.

Hatua ya 2: Andikianeni mkataba na fundi atakayemfundisha kijana. Ukurasa mmoja watosha: muda, chakula juu ya nani, na cha kujifunza kila mwezi. Bila orodha hiyo kijana ataosha spana na kutumwa chai.

Hatua ya 3: Makadirio. Hapa ndipo wengi huanguka. Kijana anajua kuchanganya zege lakini mteja akiuliza "nilete simiti ngapi?" anababaika. Mpeni zoezi: sakafu ya mita 3 kwa 4, unene sentimita 10. Hiyo ni mita 1.2 za ujazo. Kwa simiti sehemu 1, mchanga 2 na kokoto 4, atahitaji karibu mifuko 8 ya kilo 50. Akisema mitano, sakafu itakuwa dhaifu. Akisema 12, mteja atadhani ni mwizi. Ajue pia kulimwagilia zege maji kwa siku 7, kwani likikauka upesi hupasuka. Wa pikipiki naye ataje bei ya spea kabla ya kufungua injini.

Hatua ya 4: Mtihani. NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, hupima mafundi kwa madaraja: III, kisha II, kisha I. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti kwa Katiba ya 2010, kwa hiyo habari za vyuo hivyo ulizieni kaunti, si wizarani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kijana wetu hakumaliza sekondari. Atakubaliwa?*
Ndiyo, aanze na daraja la III. Mtihani huo huangalia mikono zaidi.

*Tumnunulie vifaa vyote mara moja?*
Hapana. Anzeni na seti ya spana kutoka Kirinyaga Road, mtaa wa maduka ya spea hapa Nairobi. Zilizobaki anunue kwa mapato yake. Vifaa vya bure huuzwa upesi, tena kwa bei ya kutupa.

*Fundi anakataa, anasema tunamfuga mpinzani wake.*
Ana haki ya kuogopa. Mlipeni kwa awamu tatu, ya mwisho kijana akifaulu, na muandike kwamba kijana atafungua kazi soko jingine. Akikataa hata hivyo, tafuteni fundi anayekaribia kustaafu. Huyo hana wa kumwachia karakana.