Kusafiri Uganda na Kiswahili: salamu kwanza, lugha baadaye

Anayetoka Mwanza, Kisumu au Goma huvuka mpaka akiamini Kiswahili kitamfikisha kokote, maana si ni Afrika Mashariki hii hii? Kitamfikisha sehemu nyingi. Lakini ndani ya Kampala mtu anaweza kukuelewa neno kwa neno na bado akakujibu kwa Kiingereza, au akageuza uso kama hajasikia. Hana ugomvi na wewe. Masikioni mwake umeongea kama askari.

Historia kidogo inahitajika hapa. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles liliendeshwa kwa Kiswahili, na jeshi la Uganda huru likarithi desturi hiyo. Idi Amin, aliyekulia ndani ya jeshi hilo, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati raia wengi walikuwa wanakisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani na mlangoni usiku. Majambazi nao wakajua kwamba ukitaka kumtisha mtu, mfokee kwa Kiswahili. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala na kumng'oa Amin. Watu wakawaita wale askari bakomboozi, yaani wakombozi, ila nao walikuja na bunduki wakiongea lugha ile ile.

Kwenye maandishi mambo yamegeuka. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vijana wengi hawana kinyongo nacho, na wafanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, wanaowauzia Wakongo na watu wa Sudan Kusini kila siku, wanakiongea bila shida. Bibi wa Masaka aliyekuwa msichana enzi za Amin ana hesabu nyingine. Kwa kuwa huwezi kujua unayemkabili ni yupi, usianze na Kiswahili. Anza na salamu ya mahali ulipo, kisha uulize.

Salamu ya Kiganda, hatua kwa hatua

Kampala, Entebbe, Mukono, Masaka na vijiji vya kati, yaani Buganda, lugha ni Kiganda, wenyewe wanaiita Luganda. Asubuhi hadi karibu adhuhuri sema "Wasuze otya, ssebo?" kwa mwanamume, au "Wasuze otya, nnyabo?" kwa mwanamke. Kuanzia mchana ni "Osiibye otya?" Jibu la zote mbili ni "Bulungi". Ukikutana na mtu wakati wowote, "Oli otya?" inatosha, naye atajibu "Gyendi" au "Bulungi". Ssebo na nnyabo usiziache. Salamu isiyo nazo inasikika kavu, hasa kutoka kwa mgeni.

Kwa mzee, tumia wingi hata akiwa peke yake: "Mwasuze mutya, ssebo?" Kosa la wageni wengi ni kukariri umbo la umoja na kulitupa kwa kila mtu, hadi kwa babu wa miaka themanini.

Mtu akiwa kazini, awe anafagia, anakaanga au anashona, kuna salamu yake: "Gyebale ko", yaani pole na kazi, lakini ina shukrani ndani. Hujibiwa "Kale, nawe gyebale". Ndiyo sababu watu wa Uganda wakiongea Kiingereza hukuambia "well done" wakati umekaa tu unakunywa chai. Wanakusalimu.

Baada ya jibu la kwanza, usirukie shida yako. Mwache mwenzako aitikie "mmm", nawe uitikie "mmm". Kwa mwenye haraka huu ni upotevu wa muda. Kwa mwenyeji ndiyo sehemu yenyewe ya salamu. Na akikuinulia nyusi bila kusema neno, amekubali. Wageni hurudia swali mara tatu wakidhani hawajajibiwa.

Vijijini Buganda, wanawake na wasichana hupiga magoti kumsalimu mkubwa au mgeni. Usimshike mkono kumwinua, wala usianze kusema "hapana, hapana, simama". Itikia salamu hadi iishe, atasimama mwenyewe. Mgeni wa kike halazimiki kupiga magoti, ingawa kukunja goti kidogo kwa bibi mwenye nyumba kunapokewa vizuri sana. Mwanamume avue kofia. Kitu toa na upokee kwa mkono wa kulia.

Shukrani ni "Weebale", kwa wengi au kwa mzee "Mwebale", na hutajwa pamoja na jambo lenyewe: "Weebale kufumba" kwa aliyepika, "Weebale kujja" kwa aliyekuja kukuona. Ukishukuru utajibiwa "Weebale kusiima", unashukuriwa kwa kushukuru. Usishangae.

Kuhusu matamshi: ky husomwa karibu na ch, na gy karibu na j. Kyebando ni "Chebando", gyebale ni "jebale". Konsonanti ikiandikwa mara mbili, ikaze; irabu ikiandikwa mara mbili, ivute. Ukifika kijijini ukasikia mama anamwambia mtoto "kuma omuliro", anamwambia awashe moto tu. Ndiyo, linafanana na neno lisilotamkwa mbele za watu kwetu. Jizuie.

Uliza, kisha uchague lugha

Salamu ikipita, sema: "Omanyi Oluswayiri?" Unauliza kama anajua Kiswahili. Akisema "katono", yaani kidogo, endelea pole pole kwa sentensi fupi. Akisema "nedda", yaani hapana, hamia Kiingereza bila kuonyesha mshangao. "Kwani wewe Mwafrika gani hujui Kiswahili?" ni sentensi iliyoharibu safari nyingi. Mtu wa Kampala ana lugha ya kwao, ana Kiganda cha mjini na Kiingereza cha shule. Hajapungukiwa.

Ukipewa ruhusa ya Kiswahili, angalia vitenzi. "Lete", "njoo", "toka", "kaa hapo" kwa Mombasa au Dar ni maneno ya kawaida yakisemwa kwa sauti nzuri. Uganda hayo ndiyo hasa maneno ambayo raia waliyasikia kizuizini. Sema "naomba uniletee", "tafadhali njoo", "naomba nikae hapa". Punguza na sauti pia. Mtu wa Buganda huongea chini, na Kiswahili cha mjini Nairobi kwa kasi yake husikika kama ugomvi.

Kisha kuna Kiswahili chao. Utasikia "mutu yangu", "gari iko nakuja", "mimi hapana jua". Usisahihishe na usicheke. Watu wa pwani na Watanzania ndio wakosaji wakubwa hapa, na kwa kweli hucheka bila ubaya, lakini matokeo ni yale yale: mwenzako anahamia Kiingereza na harudi tena. Rudia tu neno kwa umbo lako ndani ya jibu lako na uendelee. Sheng nayo iache nyumbani. Shikamoo huenda isijibiwe. "Habari yako, mzee" inaeleweka zaidi.

Na usiwaite raia wote wa Uganda "Waganda". Kwa Kiswahili cha kawaida si kosa, lakini nchini kwao Mganda ni mtu wa Buganda. Mwambie Mwacholi au Mnyankole kwamba yeye ni Mganda uone uso wake. Sema "watu wa Uganda".

Bei, takisi na saa

Hapa kufanana kwa lugha kunaponza zaidi kuliko kusaidia. "Kkumi" ni 10 kama kwetu, lakini "kikumi" ni 100 na "lukumi" ni 1,000. "Bibiri" sokoni ni 200, "bitaano" ni 500, "nkumi bbiri" ni 2,000, "nkumi ttaano" ni 5,000. Kuanzia 6,000 majina yanabadilika: kakaaga ni 6,000, kasanvu 7,000, kanaana 8,000, kenda 9,000. Anayejua kenda ya Kiswahili cha zamani atadhani ni tisa. "Omutwalo" ni 10,000, na kutoka hapo huhesabiwa kwa mitwalo: emitwalo ebiri ni 20,000, emitwalo etaano 50,000. Laki hutaisikia sana. 100,000 ni emitwalo kkumi.

Mbele ya kijana anayekaanga rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, mazungumzo huenda hivi. "Gyebale ko, ssebo." "Kale, nawe gyebale." "Rolex ssente mmeka?" "Nkumi ssatu." "Nsalirako, ssebo." Hapo umeomba akupunguzie, na kama hapunguzi atacheka tu, hatanuna. Ukianza na "Ssente mmeka?" bila gyebale, bei hupanda yenyewe. Bodaboda vivyo hivyo: salamu, mahali unapokwenda, bei, ndipo upande. Ukishapanda bila kupatana, lugha yoyote haitakuokoa.

Takisi ni ile Kenya wanaiita matatu na Tanzania daladala, ya abiria 14. Ukikaribia kushuka usiseme "shusha". Sema "Mu maaso awo, ssebo", hapo mbele, mapema kidogo kabla ya kituo, kwa sauti ya kumfikia kondakta.

Saa za Kiganda zinahesabiwa kama zetu: "ssaawa bbiri" ya asubuhi ni saa mbili ya asubuhi. Lakini mtu yule yule akigeukia Kiingereza na kukuambia basi linaondoka "two", anamaanisha saa nane mchana. Tiketi nazo huandikwa kwa saa za Kiingereza. Shida huanza mnapochanganya lugha katikati ya sentensi. Mwombe akuandikie saa kwenye simu, au ataje asubuhi, mchana, usiku.

Nje ya Buganda

Ukitoka eneo la kati, Kiganda chako kipunguze. Kaskazini hasa, mgeni anayeingia na Kiganda huchukuliwa kama anayedhani Uganda yote ni Kampala. Salamu moja ya mahali, kisha Kiingereza, ndiyo njia salama. Mbarara ni "Agandi?", jibu "Ni marungi". Mbale ni "Mulembe". Soroti ni "Yoga". Gulu ni "Itye nining?", jibu "Atye maber", na asante ni "Apwoyo".

Fort Portal na Hoima kuna jambo la kujifunza kabla hujafika. Watooro na Wanyoro hawasalimiani kikamilifu bila empaako, jina la heshima na mapenzi ambalo kila mtu anapewa juu ya jina lake: Abooki, Akiiki, Amooti, Apuuli, Araali, Abwooli, Adyeeri, Ateenyi, Atwooki na mengine machache. Okaali ni la mfalme peke yake, usijipe. Majina haya hayatofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo usibahatishe; uliza "Empaako yaawe?" halafu ulitumie katika kila salamu. Desturi hii iliingizwa na UNESCO mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mgeni akikaa kidogo hupewa la kwake, na akipewa asifanye mzaha nalo.

Polisi na wanajeshi huitwa "afande", wa kike na wa kiume. Hao ndio wenye Kiswahili cha kila siku kazini, na kizuizini unaweza kujibiwa nacho vizuri. Hata hivyo mwache yeye achague: salimu kwa Kiingereza au "Habari, afande", toa kitambulisho ukiombwa, na akianza Kiswahili mfuate. Abiria wenzako wanasikiliza, na ukianza kuchangamka na askari kwa lugha hiyo basi zima hunyamaza.

Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe Kiswahili ni cha biashara, ongea tu. Arua na Koboko nako hakina mzigo ule wa Kampala. Arua, ukianza na "Mi ngoni?" ukajibiwa "Muke", unaweza kuingia Kiswahili moja kwa moja, na ukishukuru sema "Awa'difo". Bombo, kaskazini mwa Kampala, Wanubi wana Kinubi chao chenye asili ya Kiarabu, na wazee wengi huko Kiswahili chao ni safi kuliko utakavyotarajia.