Kumtambua bakteria Staphylococcus aureus kwenye usaha

Wenzangu wa benchi ya maabara, juzi nimeletewa swabu (kijiti cha pamba kilichofutia kidonda) ya kijana wa bodaboda, goti limetumbuka usaha. Nifuateni nilivyoenda nayo. Rangi ya koloni (kichungu cha bakteria kinachoota) isiwapumbaze. Mwenye neno la mwisho ni plazma, maji ya damu yasiyo na chembe: bakteria akiigandisha, kwa kawaida ndiye aureus.

1. Panda kwenye agari ya damu (chakula cha bakteria kilichoganda, chenye damu), 37°C, saa 18 hadi 24. Koloni hutoka mviringo, laini, nyingi za kidhahabu (ndiyo maana ya aureus, jina alilolitoa Rosenbach mwaka 1884). Ila wapo weupe pe.

2. Rangi ya Gram, chini ya hadubini: zambarau, vishada kama zabibu.

3. Katalesi (kimeng'enya kinachovunja hidrojeni peroksaidi). Gusa koloni juujuu kwa kijiti cha mbao, tia tone la hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Povu likifura papo hapo, streptokokasi mtoe kwenye orodha, yeye hana katalesi. Usichimbe agari! Chembe nyekundu za damu nazo hutoa povu, mimi zilishaniaibisha.

4. Koagulesi (kimeng'enya kinachogandisha plazma) ya mrija. Koroga koloni kadhaa ndani ya nusu mililita ya plazma ya sungura iliyozimuliwa, rudisha 37°C. Weka kando mrija wa bakteria unayejua anagandisha na wa asiyegandisha. Kila nusu saa inamisha polepole, usitikise. Saa ya kwanza wangu ulikuwa maji matupu. Saa ya tatu nikauinamisha, plazma ikagoma kumwagika, imeshikana kama uji uliolala.

MASWALI

*Si niache tu usiku kucha nisome asubuhi?*
Hapana. Baadhi yao hutoa stafilokinesi inayoyeyusha bonge, ukifika asubuhi unakuta maji na unaandika hasi. Soma hadi saa 4. Kama bado ni maji, acha joto la chumba, usome tena kesho.

*Otoklevu yetu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) inafika presha 15 psi lakini agari zinaota uchafu. Tuko Kariobangi, Nairobi.*
Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Mshale ukisoma 15, joto halijafika 121°C. Fuata kipimajoto, si mshale.

*Na kama mgonjwa aliumwa na mbwa?*
Hapo umenishika, mwalimu. Staphylococcus pseudintermedius wa mbwa naye hugandisha plazma. Ongeza PYR, kipimo cha kimeng'enya kinachosomwa kwa rangi: huyo hugeuka mwekundu, aureus habadiliki. Kwa hiyo uliza kidonda kimetokana na nini kabla hujatia sahihi.