Somo: Kufunga skrini ya kugusa ya inchi 7 kwenye Raspberry Pi 4

Vijana wa Ngamiani na Chumbageni hapa Tanga mnaotaka kuweka mashine ya bei dukani, somo lenu hili. Skrini yenyewe ni ile rasmi ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) iliyotoka 2015, pikseli 800 kwa 480. Ikigoma, wengi hukimbilia kubadilisha programu. Mimi huanza na waya na umeme.

1. Zima bodi, chomoa chaja.

2. Tafuta tundu lililoandikwa DISPLAY. La kamera ni pacha wake, kwa hiyo soma maandishi, usikisie. Legeza kishikizo kwa kucha, taratibu, maana ni plastiki nyembamba. Ingiza waya bapa ukiwa umenyooka hadi ugote, meno yake yakutane na meno ya tundu, kisha rudisha kishikizo.

3. Waya wa volti 5 wa skrini uende pini ya 2 ya bodi, wa ardhi pini ya 6. Hesabu pini mara mbili, ukizigeuza, unaunguza.

4. Tumia chaja ya volti 5, ampea 3. Hapa ndipo ubahili unapoponza watu: chaja ya kawaida ya simu inaweza kuwasha bodi, kisha kazi ikizidi inazidiwa. Ukishawasha (hatua ya 5), fungua dirisha la amri (terminal) uandike `vcgencmd get_throttled`. Jibu zuri ni 0x0. Ukiona 0x50000, umeme ulishapungua tangu ulipowasha.

5. Washa. Hakuna cha kupakua.

MASWALI

*Shikamoo fundi. Taa ya bodi inawaka, skrini nyeusi tii.*
Marahaba. Zima, toa waya bapa uurudishe upya. Bado? Fungua `/boot/firmware/config.txt`, hakikisha mstari `display_auto_detect=1` upo.

*Kaka, yangu inaonyesha juu chini.*
Kwenye `cmdline.txt` ongeza `video=DSI-1:800x480@60,rotate=180`. Faili zima ni mstari mmoja, usibonyeze Enter. Kwa dawati (desktop), geuza kwenye mipangilio ya skrini.

*Waya huohuo unaingia Pi 5?*
Hauingii. Tundu la Pi 5 ni dogo, lina pini 22; nunua waya wake.

*Nataka kuiweka kwa muuza samaki pale Deep Sea. Itafaa?*
Dada, hiyo siishauri. Inasikia umeme wa kidole, na matone ya maji yanaichanganya. Kwa mikono yenye maji chukua ile ya inchi 3.5 inayosikia mgandamizo. Hata ukucha unatosha. Na uifungie kwenye boksi, upepo wa chumvi unakula pini.